Mtemi Mirambo na Shauri la Njia

Wananchi wengi hulitaja jina la Mirambo pasipo kumfahamu mwenye jina. Mjini Dar es Salaam upo mtaa uitwao kwa jina hilo, na Benki Kuu ya nchi yetu ina ofisi katika mtaa huo. Mjini Tabora ipo kambi ya jeshi, na ipo shule ya sekondari, zilizopewa jina lake. Upande wa magharibi wa Tabora iko wilaya ya Urambo, ambayo jina lake lenyewe limetokana naye. Hivyo twaona inafaa kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu huyu tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake, maana katika maisha yake limo shauri moja ambalo halikumalizika siku alipozikwa.

Tumeliita shauri kwa sababu. Watawala wa Unyamwezi waliitwa watemi, na wajuao lugha ya huko husema kwamba jina hilo latokana na kutema, yaani kukata. Mtemi alikuwa mkata misitu, aliyewafungulia watu wake nchi ya kulima. Naye alikuwa mkata mashauri, aliyewaamua wagombanao. Basi shauri kubwa kupita yote katika zama za Mirambo lilikuwa hili: njia ipitayo katika nchi ni mali ya nani? Je, ni ya mwenye nchi, au ni ya mpita njia mwenye bidhaa na bunduki?

Njia tunayoisema ni ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Tabora, kisha ikashuka kwa Uvinza na mto Malagarasi hata Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hata Tabora peke yake ni mwendo wa maili zaidi ya mia tano, na msafara wenye mizigo aghalabu ulitumia miezi mitatu njiani. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti zikapanda bara. Bidhaa hizi zote zilikwenda juu ya mabega ya watu. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili sabini, akamfuata kirangozi aliyetangulia mbele, akalipwa kwa nguo na posho. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Kazi hiyo waliianza wenyewe, maana walikwisha peleka pembe pwani kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuizoea njia ya bara. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo zao.

Kila msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitoa hongo. Katika siku hizo neno hilo halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: mgeni alitoa nguo au baruti, na mtemi akampa ruhusa ya kupita, kuteka maji na kununua chakula. Palikuwa na mabishano juu ya kiasi chake, na mara nyingine msafara ulikaa siku nyingi ukingoja mapatano. Walakini jambo lenyewe lilikubaliwa na watu wote, kwamba mwenye nchi ana haki.

Haki hiyo ilianza kutikiswa katika Unyanyembe, nchi ambamo Tabora imesimama. Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wamekwisha jenga nyumba zao huko, kwa idhini ya Mtemi Fundikira. Waliishi kwa ujirani mwema na hata kwa unasaba. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Fundikira alipofariki mwaka 1858, alimfuata Mnywa Sele. Huyu alitaka wafanyabiashara wakaao katika nchi yake walipe ushuru wa mali zao. Wafanyabiashara wakakataa, na yapata mwaka 1860 wakamwondoa katika kiti, wakamweka Mkasiwa aliyekubali matakwa yao. Mnywa Sele alipigana nao porini miaka kadhaa, akauawa mwaka 1865. Tangu hapo watemi wote wa jirani walijua kwamba wageni wenye bunduki waweza kumtoa mtemi mmoja na kumweka mwingine.

Miongoni mwa waliojifunza jambo hilo alikuwamo kijana mmoja wa Uyowa, kaskazini-magharibi ya Tabora. Jina lake lilikuwa Mtyela Kasanda, naye alizaliwa yapata mwaka 1840. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo miongoni mwa nchi nyingi ndogo za Wanyamwezi. Katika utoto wake Wangoni, waliokuwa wametoka kusini kabisa ya bara letu, waliingia Unyamwezi, na huko wakaitwa Watuta. Mapokeo ya wazee yasema kwamba kijana huyu alitekwa nao akakaa kwao kwa muda. Huko ndiko alikojifunza vita vyao: vijana kuwekwa pamoja kwa rika, kwenda mbio usiku, kushambulia alfajiri, na kumfanya mateka wa jana kuwa askari wa leo.

Alipourithi utemi wa baba yake, karibu na mwaka 1860, alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Akajulikana kwa jina la vita, Mirambo, ambalo maana yake hutajwa kuwa maiti nyingi. Jina hilo halikuwa la kubembeleza, wala yeye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alianza na watu wachache. Akawakusanya vijana wasio na wake wala mashamba, mateka, watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha misafara, akawafanya kuwa jeshi la rugaruga. Aliwapa bunduki, akawagawia ngawira, naye mwenyewe akawa mbele yao vitani. Aliwapendelea vijana kuliko watu wazima wenye nyumba, kwa kuwa kijana hana anachokifikiria nyuma yake. Kwa jeshi hilo aliziunganisha nchi moja baada ya nyingine chini ya mkono wake, na watemi waliokubali kumtii aliwaacha katika viti vyao.

Kufikia mwaka 1871 nchi ya Mirambo ilikuwa imeikabili njia ya Ujiji. Hapo shauri likaja barazani. Mirambo alikuwa na malalamiko yake juu ya wafanyabiashara wa Tabora: madeni ya pembe yasiyolipwa, na maadui zake kupewa hifadhi. Wafanyabiashara nao walikuwa na yao, kwani walimwona kuwa mtemi mdogo aliyejikuza, na hongo aliyoitaka waliiona kuwa kubwa mno. Mwaka huo msafara mmoja uliokwenda Ujiji ulitoa hongo nzito ya nguo, bunduki na baruti. Mirambo akapokea, kisha akaurudisha ulikotoka, akatangaza kwamba msafara wa Mwarabu hautapita tena katika nchi yake ila kwa vita. Hatusemi kwamba kupokea hongo na kuufunga mlango ni haki. Twasema tu kwamba tangu siku ile hapakuwa na mtu wa Tabora aliyeweza kujifanya hamjui mwenye njia.

Wafanyabiashara wakaitisha vita. Mwezi wa Agosti 1871 jeshi la zaidi ya watu elfu mbili lilitoka Unyanyembe, na pamoja nalo alikuwako Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Walikiteka kijiji cha Zimbizo bila taabu kubwa. Kisha kikosi kilichoongozwa na kijana Saud bin Said kikaenda Wilyankuru, kikauteka mji na kupata pembe na mateka wengi. Walikuwa wakirudi wamelemewa na ngawira, wakati Mirambo na rugaruga wake wamelala katika majani marefu kando ya njia. Wakainuka kwa mara moja. Saud na Waarabu wenzake wakauawa hapo, na habari zilipofika Zimbizo jeshi lote likakimbia ovyo mpaka Tabora, Stanley naye akiwamo.

Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti 1871, Mirambo aliushambulia mji wa Tabora wenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu na mtu shujaa, alitoka kumkabili na watu wake wachache, akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley, aliyekuwa amejizatiti katika nyumba yake huko Kwihara, alikata tamaa ya njia ya kawaida; mwezi wa Septemba akazunguka kusini kwa njia ndefu ya Ugunda na Ukonongo, na hivyo ndivyo alivyofika Ujiji. Wasomaji waliosoma shuleni habari za kukutana kwa Stanley na Livingstone pengine hawakuambiwa kwamba safari ile ilipinda kwa sababu Mtemi wa Kinyamwezi alikuwa ameifunga njia.

Vita viliendelea kwa miaka minne na zaidi. Pembe zilichelewa kufika pwani, na Unguja wakaona hasara. Sultani Barghash bin Said alipeleka askari kutoka pwani ili kuwasaidia wafanyabiashara wa Tabora, lakini askari hao walirejea bila ushindi. Mirambo alipigwa mara nyingine, naye alipiga mara nyingine; alipobanwa aliuacha mji mmoja akajenga mwingine. Mwishowe, kufikia mwaka 1876, pande zote mbili zilikuwa zimechoka, na amani ikapatikana. Misafara ikapita tena na hongo ikalipwa. Kwa maneno mengine, wafanyabiashara walikubali kwa vitendo lile jambo walilolikataa kwa Mnywa Sele.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Stanley alikutana tena na Mirambo, safari hii kwa urafiki. Alitazamia kumwona jambazi mwenye kutisha. Alimkuta mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, aliyevaa vizuri na kusema kwa adabu. Wakachanjana udugu wa damu. Stanley alimfananisha na Napoleon Bonaparte, na waandishi wa Ulaya wameirudia sifa hiyo hata leo. Sisi hatuoni haja ya kumpima Mirambo kwa kipimo cha Mfaransa. Kazi yake yatosha kupimwa kwa mahali alipoifanya.

Baada ya amani Mirambo alionyesha kwamba hakuwa mtu wa vita tu. Alifahamu kuwa bidhaa, bunduki na habari hutoka pwani, naye hakutaka kuzipata kwa hisani ya watu wa Tabora. Akatafuta urafiki wa moja kwa moja na John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, akamwandikia barua. Alituma wajumbe hata kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mwaka 1879 alimkaribisha Dakta Ebenezer Southon wa misheni ya London, akampa mahali pa kujenga karibu na mji wake mkuu wa Iselamagazi, uliokuwa boma kubwa la kuta za udongo lenye watu maelfu. Daktari huyo alikaa kwake mpaka alipofariki mwaka 1882, baada ya kujeruhiwa kwa ajali ya bunduki. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kupita wote, alipatana na Mirambo katika miaka hiyo, wakapelekeana zawadi.

Lakini siasa hiyo ilikuwa na mguu dhaifu. Mwezi wa Juni 1880 rugaruga wa Mirambo na wenzao waliushambulia mji mmoja katika Upimbwe, na ndani ya mji huo walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakiwatumikia wakubwa wa Ubelgiji. Wote wawili wakauawa. Mirambo alisikitika na kujieleza, maana hakuwa na faida yoyote katika vifo hivyo. Haikumfaa. Kirk aliukata urafiki naye, na mlango wa Unguja ukafungwa tena. Jeshi lililokuwa nguvu yake lilimharibia katika siku moja kazi ya miaka minne, kwa sababu rugaruga waliishi kwa ngawira na hawakupewa njia nyingine ya kuishi.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wasifuo mashujaa hupenda kulipita mbio. Vita vya Mirambo vililipwa na watu wadogo. Vijiji vilichomwa moto, akiba ya nafaka ikaliwa na majeshi ya pande zote, wanawake na watoto wakatekwa na kugawanywa kama mali. Mpagazi aliyekuwa akipata nguo na posho kwa jasho lake alikuta njia imefungwa, au alilazimika kuchagua kati ya kufa na mzigo wa mwingine na kushika bunduki kwa ajili ya mwingine. Vijana wengi walichagua bunduki. Wala haifai kusema kwamba vita vile vilikuwa vya Wanyamwezi kwa Waarabu. Mkasiwa wa Unyanyembe alikuwa Mnyamwezi, naye alisimama na wafanyabiashara. Mrithi wake, Isike, aliyeshika utemi mwaka 1876, alikuwa adui wa Mirambo siku zote. Waliochomeana nyumba walikuwa mara nyingi watu wa lugha moja.

Mirambo alianza kuugua ugonjwa wa koo. Hata hivyo aliendelea na safari zake za vita mpaka nguvu zilipomwisha. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu.

Twawaomba wasomaji waitazame tarehe hiyo vizuri. Tangu katikati ya Novemba 1884 wajumbe wa mataifa makubwa walikuwa wamekaa Berlin, wakijadili kanuni za kuigawana Afrika. Katika siku hizo hizo Karl Peters alikuwa Usagara, juu ya njia ile ile itokayo pwani kwenda Tabora, akiwatia watawala wadogo wadogo saini katika karatasi ambazo maana yake hawakuambiwa. Mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilizitambua karatasi hizo. Hivyo shauri la njia lilihamishwa kutoka Tabora likapelekwa Ulaya, na mtu pekee wa bara aliyekuwa amelishinda mbele ya wenye bunduki alikuwa amelala kaburini.

Je, aliacha nini? Aliacha mrithi, ndugu yake aliyeitwa Mpandashalo, na aliacha rugaruga. Hakuacha baraza la watemi lililozoea kukaa pamoja bila yeye. Hakuacha mpango wa kodi ambao mtu mwingine angeweza kuusimamia, wala desturi iliyowafunga watu wa Uyowa na watu wa Ulyankulu kuwa kitu kimoja. Watemi waliomtii walimtii yeye mwenyewe, kwa hofu au kwa mapenzi, na alipofariki walijiona huru. Mpandashalo alipigana upande huu na upande ule na watu waliokuwa wa ndugu yake, na baada ya miaka michache akauawa vitani. Nchi iliyojengwa kwa zaidi ya miaka ishirini ilivunjika kabla Mjerumani hajafika kuivunja.

Mwaka 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora. Sasa ilikuwa zamu ya Isike, yule adui wa Mirambo, kuulizwa swali lile lile kuhusu mwenye nchi na mpita njia. Isike alijibu kama Mirambo angalivyojibu. Alipigana na Wajerumani tangu mwaka 1892, akawarudisha nyuma zaidi ya mara moja. Mwezi wa Januari 1893 boma lake lilipovunjwa na jeshi la Tom von Prince, aliiwasha ghala ya baruti akiwa ndani, asije akatekwa. Alikufa kishujaa, lakini peke yake. Majeshi ya Urambo, ambayo miaka kumi nyuma yangeweza kusimama ubavuni kwake, yalikuwa yametawanyika, na uadui wa zamani ulikuwa umekula nguvu za pande zote.

Basi hukumu yetu juu ya Mirambo ni ya namna mbili. Katika shauri lenyewe tunampa haki. Alisema kwa vitendo kwamba mtu hawezi kupita katika nchi ya watu, akanunua na kuuza na kutajirika humo, kisha akamchagulia mwenye nchi mtawala. Alilisema jambo hilo mapema, wakati wengine walipokuwa wakiridhika na nguo na shanga, naye alilisimamia mpaka likakubaliwa. Kwa hilo jina lake lilistahili mtaa, shule na kambi.

Katika namna ya kulisimamia tunasema alipungukiwa. Kila kitu kilikuwa ndani ya kichwa kimoja na juu ya miguu ya mtu mmoja. Wakati wa amani, alipokuwa na miaka minane ya kujenga, aliitumia zaidi kutafuta marafiki wa mbali kuliko kupatana na Isike aliyekuwa mwendo wa siku chache tu kutoka kwake. Na vijana wake aliwafundisha kupigana bila kuwafundisha kazi itakayowalisha vita vikiisha. Makosa hayo hayakuwa ya Mirambo peke yake katika karne ile, wala hayakufa pamoja na karne ile. Kila kiongozi ambaye kazi yake haiwezi kuendelea siku tatu bila yeye, na kila chama au kiwanda au ushirika unaomtegemea mtu mmoja hata kwa ufunguo wa ghala, wafaa kuitafakari tarehe ya 2 Desemba 1884.

Treni ikitoka Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo. Abiria hununua tikiti, na hakuna amwulizaye kama njia ni mali ya nani, kwa kuwa jibu lajulikana: ni mali ya wananchi wote. Watu wengi walikufa kabla jibu hilo halijawa jepesi kiasi hicho, wenye majina na wasio na majina, watemi na wapagazi. Atakayepita Urambo na awakumbuke wote.